Kadi janja ya nauli: fedha hukaa wapi, funguo anazo nani

Kadi janja ya nauli haina betri. Ndani ya plastiki yake mna waya mwembamba uliozungushwa kandokando mara kadhaa, na kwenye ncha za waya huo imeunganishwa chipu ya ukubwa wa milimita chache tu. Abiria anapoisogeza kadi kwenye mashine ya geti, mawimbi ya redio ya megahezi 13.56 yanayotoka kwenye mashine huzalisha umeme ndani ya waya, chipu ikaamka, na mawasiliano yakaanza. Umbali ni sentimita chache. Muda ni nusu sekunde au pungufu. Katika muda huo chipu na mashine hutakiwa kutambuana, kusoma salio, kukata nauli na kuandika kilichobaki. Ni kazi kubwa kwa nafasi ndogo, na historia ya kadi hizi tangu miaka ya 1990 imeonyesha wazi ni wapi zinavuja.

Kwa Tanzania, Dar es Salaam ndiyo iliyotangulia. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, malipo ya kielektroniki yalikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo, ingawa kwa muda mrefu abiria wengi waliendelea kupanga foleni dirishani kununua tiketi za karatasi. Kisha ikaja N-Card, iliyo chini ya kituo cha data cha taifa, NIDC. Abiria wa kivuko cha Magogoni–Kigamboni huigusisha getini, na mashabiki wa soka huitumia kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa.

Mkoani Songwe nauli za safari fupi bado ni za mkononi. Anayetoka kata ya Ruanda, wilayani Mbozi, kwenda Mlowo, Vwawa au Tunduma humpa konda noti na kusubiri chenji, au humtumia fedha kwa simu. Lakini mkoa huu unapitiwa na barabara kuu ya TANZAM, na mabasi ya masafa marefu yanayotoka Tunduma kwenda Dar es Salaam yamo kwenye utaratibu wa tiketi mtandao unaosimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Kadi ikifika hadi kwenye kosta na noah za Mbozi, Songwe itakuwa na faida ambayo London, Boston na Santiago hawakuwa nayo: makosa makubwa yameshafanyika kwingine, yameandikwa, na yanajulikana.

Swali la kwanza kuhusu kadi yoyote ya nauli ni mahali salio lilipo. Kuna njia mbili. Katika njia ya kwanza salio huandikwa ndani ya chipu yenyewe. Mashine ya kwenye basi hulisoma, hukata nauli na kuandika kilichobaki bila kuuliza popote. Katika njia ya pili kadi hubeba utambulisho tu, na fedha ziko kwenye akaunti ndani ya seva. Mashine huiuliza seva kila kadi inapogusishwa, au hukusanya safari za siku na kuzituma baadaye. Wahandisi wa miaka ya 1990 waliegemea njia ya kwanza kwa sababu ya msingi kabisa: basi hutembea, mtandao hukatika, na abiria 40 waliosongamana mlangoni hawawezi kusubiri seva ijibu.

Sababu hiyo ina uzito hata leo katika mkoa wa mpakani. Mashine inayotegemea laini ya simu itakosa mtandao katika baadhi ya vipande vya safari, na ikifika Tunduma inaweza kudaka mnara wa upande wa Nakonde, Zambia, badala ya wa Tanzania. Mfumo wowote utakaoletwa huku utalazimika kujua kufanya kazi bila mtandao. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa sababu kile ambacho mashine inakiamini bila kuuliza ndicho mtu mwenye ujuzi atakachojaribu kukighushi.

Moja ya chipu zilizoenea sana katika kazi hii ni MIFARE Classic, iliyotolewa na kampuni ya Mikron mwaka 1994, ikachukuliwa na Philips na baadaye kurithiwa na NXP, kampuni iliyozaliwa kutoka Philips mwaka 2006. Toleo lake la kawaida lina kumbukumbu ya baiti 1,024, zilizogawanywa katika sekta 16. Kila sekta hufungwa kwa funguo mbili za siri, kila moja yenye biti 48. Salio huhifadhiwa kwa mpangilio maalumu: huandikwa mara tatu, na ile ya katikati huandikwa kinyume. Shilingi 5,000, kwa mfano, husomeka 88 13 00 00, kisha 77 EC FF FF, kisha 88 13 00 00 tena. Mpangilio huo umewekwa ili mashine igundue salio lililoharibika, kwa mfano pale abiria anapoondoa kadi kabla uandishi haujakamilika. Kwa mwizi hausaidii kitu. Mwenye ufunguo wa sekta huandika 5,000 au 50,000 kwa jasho lilelile. Kinga yote, basi, imebaki kwenye ufunguo na kwenye kanuni ya fiche inayoutumia.

Kanuni hiyo iliitwa Crypto-1, na kwa miaka 13 ilitegemea kutojulikana. Kampuni haikuwahi kuichapisha ili wataalamu waipime; mnunuzi aliombwa aiamini tu. Desemba 2007, katika mkutano wa wadukuzi mjini Berlin, Karsten Nohl na Henryk Plötz walieleza jinsi walivyoifikia. Walilikwangua tabaka la chipu baada ya tabaka, wakalipiga picha kila moja kwa hadubini, wakayatambua maumbo ya saketi na kufuata nyaya zake hadi kanuni ikaonekana. Waligundua pia udhaifu wa pili, ambao pengine ni mbaya zaidi. Chipu hutakiwa kutoa namba ya bahati nasibu kila inapoamshwa, ili mawasiliano ya leo yasifanane na ya jana. Namba ya MIFARE Classic ilikuwa na biti 16 tu, na ilitegemea muda uliopita tangu chipu ipate umeme. Mtu anayeweza kuuwasha umeme na kuuliza kwa wakati uleule hupata namba ileile kila mara.

Miezi michache baadaye kikundi cha Bart Jacobs na Flavio Garcia katika Chuo Kikuu cha Radboud, mjini Nijmegen, Uholanzi, kiliikamilisha kazi hiyo. Uholanzi ilikuwa inaandaa kadi ya nauli ya nchi nzima, OV-chipkaart, kwa kutumia chipu hiyohiyo. London ilikuwa inaitumia kwenye kadi ya Oyster tangu 2003. Watafiti hao walionyesha kwamba ufunguo hupatikana kwa kusikiliza mawasiliano ya kadi na mashine. NXP ilikwenda mahakamani kuzuia makala yao isichapishwe. Tarehe 18 Julai 2008 mahakama ya Arnhem ilikataa, kwa hoja kwamba hasara ya kampuni inatokana na kutengeneza na kuuza chipu yenye kasoro, si na maandishi yanayoieleza kasoro hiyo. Makala ilitoka Oktoba mwaka huohuo. Mwaka uliofuata kikundi hichohicho kilionyesha kwamba hata mashine ya geti haihitajiki: kadi peke yake, ikisogelewa na kifaa cha bei nafuu, hutoa funguo zake.

Mahakama ile ilisema kweli, na hoja yake inastahili kukumbukwa na kila anayeshughulikia zabuni za serikali. Kasoro ya chipu haiponi kwa kufichwa.

Yaliyofuata yalidhihirisha hivyo. Mamlaka ya usafiri ya Boston, Marekani, iliishitaki timu ya wanafunzi wa chuo cha MIT mnamo Agosti 2008 ili wasizungumzie kasoro za kadi yake, CharlieCard, kwenye mkutano wa Las Vegas. Zuio la mahakama lilidumu siku 10 tu, na mada yao ilikuwa imeshasambaa. Kadi hazikubadilishwa. Miaka 15 baadaye, mwaka 2023, vijana wa shule ya sekondari walitumia kazi ile ya zamani kutengeneza kadi za CharlieCard za kila aina. Safari hii mamlaka ya usafiri iliwaita na kuwasikiliza. Taipei mwaka 2011, polisi walimkamata mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa amejiongezea salio kwenye kadi ya nauli ya huko, EasyCard, na kununulia bidhaa madukani. Santiago, Chile, Oktoba 2014, udukuzi ulitoka mikononi mwa wataalamu kabisa. Ilisambazwa programu ya simu za Android ambayo mtu yeyote mwenye simu ya NFC, yaani inayoweza kusoma kadi kwa kusogezwa karibu, aliweza kuipakua, kuiwekea kadi yake ya Bip! mgongoni, na kupandisha salio hadi peso 10,000.

Mfano wa Chile ndio unaofaa kutazamwa zaidi na watu wa huku. Gharama ya shambulio hushuka kila mwaka. Kilichohitaji maabara na hadubini mwaka 2007 kilihitaji simu ya kawaida mwaka 2014.

Shambulio rahisi kuliko yote hata halihitaji kuelewa mpangilio wa salio. Mtu hununua salio halali, hunakili kumbukumbu yote ya kadi kwenye kompyuta, husafiri hadi fedha ziishe, kisha huirudisha nakala ya zamani. Kwa mashine isiyo na mtandao, kadi hiyo ni halali kabisa: ufunguo ni sahihi, salio limeandikwa sawasawa, hakuna kilichoghushiwa. Tiketi za karatasi zenye chipu nyepesi nazo ziliangukia hapo. Mwaka 2012 watafiti wawili walionyesha kwamba tiketi za San Francisco na New Jersey ziliweza kurudishwa upya kwa simu, kwa sababu waendeshaji hawakutumia sehemu ya chipu ambayo ikishaandikwa haifutiki. Chipu ilikuwa na kinga. Aliyeuweka mfumo hakuiwasha.

Uzembe wa namna hiyo ndio unaoumiza zaidi kuliko ujanja wa wadukuzi. Kadi hutoka kiwandani na ufunguo unaojulikana dunia nzima, FF FF FF FF FF FF, na kuna mifumo iliyozinduliwa bila kuubadilisha katika baadhi ya sekta. Kuna mingine inayotumia ufunguo mmoja kwa kadi zote za mji, kiasi kwamba kadi moja ikivunjwa zote zimevunjwa. Na kuna inayomtambua abiria kwa namba ya chipu pekee, wakati kadi tupu ambazo namba yake inabadilishwa kwa hiari zinauzwa waziwazi mtandaoni.

Chipu mpya ni imara zaidi, lakini jina zuri halitoshi. Mwaka 2011 David Oswald na Christof Paar wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walipata ufunguo wa toleo la kwanza la DESFire, chipu mpya zaidi ya NXP, kwa kupima mabadiliko madogo ya mawimbi chipu inapofanya hesabu; toleo lililofuata lilizibwa. Agosti 2024 Philippe Teuwen wa kampuni ya Quarkslab alitangaza kwamba kadi za FM11RF08S za kampuni ya Fudan, China, zinazofanya kazi kama MIFARE Classic na kuuzwa zikisifiwa kuwa zimezibwa dhidi ya mashambulio ya zamani, zina ufunguo wa mlango wa nyuma ulio mmoja kwa kadi zote za aina hiyo. Mnunuzi anaweza kuagiza kadi elfu kadhaa akiamini amenunua chipu fulani, akaletewa nyingine inayofanana nayo kwa nje. Mkataba usiotaja aina ya chipu kwa jina na toleo lake humwachia mwagizaji mizigo uamuzi huo.

Kinga zinazofanya kazi zinajulikana. Chipu itumie kanuni ya fiche ya AES, ambayo imechapishwa tangu 2001 na kupimwa na wataalamu wa dunia nzima. Kila kadi iwe na funguo zake, zinazotokana na ufunguo mkuu pamoja na namba ya kadi, ili kuvunjwa kwa moja kusiguse nyingine. Ufunguo mkuu ukae ndani ya chipu salama iliyomo kwenye mashine, si ndani ya programu ya mashine, kwa kuwa mashine za konda hupotea na kuibwa. Kisha kila jioni, mashine zinapopata mtandao, seva ilinganishe fedha zilizoingizwa na safari zilizofanywa kwa kila kadi. Kadi iliyowekewa shilingi 5,000 na kusafiria safari za shilingi 12,000 hujifichua yenyewe siku ileile, na namba yake hupelekwa kwenye orodha ya kadi zilizofungiwa kabla ya mabasi ya alfajiri. Ulinganisho huu hauzuii safari ya kwanza ya wizi, ila unaufanya wizi usilipe. Kwa mkoa ambao mtandao wake hauwezi kuaminiwa kila dakika, huenda ndiyo kinga yenye thamani kuliko zote.

London ilikwenda mbali zaidi. Ilihamia chipu za DESFire kwa kadi mpya za Oyster, na kuanzia Desemba 2012 ikaruhusu kadi za benki za kugusisha kwenye mabasi, kisha kwenye treni mwaka 2014, fedha zikiwa kwenye akaunti na hesabu zikifanywa nyuma ya pazia. Njia hiyo inafaa mahali penye wateja wengi wa benki. Songwe, ambako akaunti ya watu wengi ni simu, njia ya karibu ni kadi iliyofungamanishwa na akaunti ya nauli inayojazwa kwa M-Pesa, Airtel Money au huduma nyingine za simu.

Salio likihamia kwenye seva, hatari nayo huhamia huko. Novemba 2016 kompyuta za usafiri wa San Francisco zilifungwa na wahalifu waliodai bitikoini 100. Mageti yaliachwa wazi na watu wakasafiri bure. Septemba 2024 mamlaka ya usafiri ya London ilivamiwa kimtandao, na ikawatahadharisha wateja wapatao 5,000 kwamba taarifa zao za benki, zilizotumika kurudishiwa fedha za Oyster, huenda zimefikiwa.

Taarifa za abiria ni mali nyingine inayosahaulika kwa urahisi. Kadi iliyosajiliwa kwa jina huandika mtu alipanda wapi, alishuka wapi, saa ngapi, kila siku ya mwaka. Katika baadhi ya mifumo hata simu iliyosogezwa karibu na kadi huonyesha safari za mwisho. Hong Kong mwaka 2010 ilibainika kwamba kampuni ya kadi ya Octopus ilikuwa imetoa taarifa za wateja karibu milioni 2 kwa kampuni nyingine za biashara na kupata dola za Hong Kong milioni 44. Mkuu wake alijiuzulu. Tunduma ni mji wa mpakani, wenye wafanyabiashara wanaotembea na fedha na kuvuka mara kwa mara. Rekodi ya nani anaingia mjini siku gani ingemfaa sana jambazi, na ingemfaa pia mshindani wa biashara. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume ya kuisimamia. Kadi ya nauli imo ndani ya sheria hiyo. Abiria anayetaka kadi isiyo na jina aipate, akijua kwamba ikipotea salio lake limepotea nalo.

Afrika Mashariki imeshajifunza jambo moja ambalo maabara za Ulaya haziwezi kulifundisha: mfumo wa kadi huweza kufa bila kudukuliwa. Kenya iliagiza matatu ziache kupokea fedha taslimu mwaka 2014. Kadi zilikuwa nyingi na hazikuingiliana, BebaPay ya Google na benki ya Equity ikiwa mojawapo; makonda na wamiliki wengi hawakuzitaka, kwa sababu kadi humwonyesha kila mtu fedha halisi ya siku, wakati konda huishi kwa kinachobaki baada ya hesabu ya bosi. Agizo liliahirishwa na mwishowe likafifia. BebaPay ilifungwa 2015. Kigali, ambako kadi ya Tap&Go ilianza mwaka huohuo wa 2015, mambo yalikwenda tofauti kwa kuwa kampuni za mabasi zilikuwa chache na zimepangwa. Mwizi wa kwanza wa mfumo wa kadi kwa kawaida huwa ndani: wakala anayepokea shilingi 2,000 na kuingiza 1,500, au konda anayesema mashine imegoma ili alipwe mkononi. Risiti ya ujumbe wa simu kwa kila salio linaloongezwa humbana wa kwanza. Wa pili hubanwa na mkataba wa ajira unaomlipa mshahara.

Kwa hiyo mamlaka za Songwe, kuanzia Halmashauri ya Mbozi na Mji wa Tunduma hadi LATRA, zina maswali ya kuuliza kabla ya kusaini chochote. Chipu ni ipi, kwa jina na toleo? Ufunguo mkuu umetengenezwa na nani, na utakuwa mikononi mwa nani siku mkandarasi atakapoondoka? Ulinganisho wa kila siku utafanywa na nani, na mkaguzi huru ataruhusiwa kuupima mfumo kabla ya uzinduzi? Salio la abiria litawekwa kwenye akaunti ya dhamana benki, au litachanganywa na fedha za kampuni? Mtu atakayegundua kasoro atapokelewa na TZ-CERT, timu ya taifa ya usalama wa mtandao, na mwendeshaji, au atatishiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015? Mzabuni anayejibu kwamba hayo ni siri ya kampuni anyimwe kazi. Nauli ya abiria wa Ruanda ni ndogo, lakini ni fedha yake, na anastahili kujua ilipo.